Anko wa Basi Hakuwa na Faili: Uchambuzi wa Kisa cha Ajira Katika Kituo cha Watoto Tabata

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia katika vituo vya kulelea watoto mchana jijini Dar es Salaam. Hakimwelezi mtu mmoja wala kituo kimoja, ndiyo maana hakina majina. Siku, saa na maneno vimewekwa kwa ukamilifu ili mwenye kituo aweze kuvilinganisha na daftari lake mwenyewe.

Kituo kiko Tabata, katika nyumba ya kupanga yenye uzio na geti la chuma. Kina watoto 38 wa miaka 2 hadi 5, walezi wanne, dada wa darasa la chini, mpishi, mlinzi, na mkuu wa kituo ambaye ndiye mwenye mali. Kimesajiliwa na afisa ustawi wa jamii amewahi kukikagua. Walezi wote wana mafaili yenye vyeti, picha, mikataba na namba za ndugu wa karibu. Ukiingia ofisini unaona kabati limepangwa vizuri.

Watoto 17 wanarudi nyumbani kwa Hiace ya kukodi. Inatoka kituoni saa 9:30 alasiri, inashusha Tabata, Segerea na Kinyerezi, kisha inarudi kushusha Bonyokwa. Dereva ni shemeji wa mkuu wa kituo. Ndani ya gari huwa na matroni mmoja. Mtoto wa mwisho, binti wa miaka 4, hushuka Bonyokwa karibu saa 11:00 jioni, na aliyemtangulia hushuka saa 10:35. Foleni ikikaza, muda huo unarefuka. Kila siku ya kazi, basi, mtoto mmoja anabaki ndani ya gari na watu wazima wawili kwa dakika 25 au zaidi, bila mzazi wala mlezi mwingine wa kuona. Hapakuwa na sehemu nyingine ya siku ya kituo iliyofanana na hiyo, na kisa chote kimetokea humo.

Siku tano za kuajiri

Alhamisi moja matroni alipata uchungu, wiki mbili kabla ya tarehe aliyopewa kliniki. Ijumaa dereva akamwambia mkuu: "Shemeji, usihangaike. Nina kijana wangu, mtoto wa shangazi, ametulia. Ameshafanya kazi na watoto kule Mbagala." Jumamosi kijana akaja, wakaongea chini ya mwembe kama robo saa. Jumapili dereva akamwonyesha njia ya basi. Jumatatu watoto wakamkuta mlangoni mwa gari, wakaambiwa, "Huyu ndiye anko wenu mpya."

Mshahara wake ulikuwa unatoka kwenye hela ya gari, kwa hiyo kituo kilimhesabu kuwa mtu wa dereva. Alileta karatasi tatu: nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na barua ya shule ya Mbagala yenye muhuri. Karatasi hizo zilikaa kwenye dashibodi ya Hiace. Hazikuwahi kufika kwenye lile kabati.

Mkuu alijitetea kwamba hapakuwa na muda. Muda ulikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na likizo yenyewe ni siku 84. Matroni alitoa taarifa yake kwa maandishi pamoja na cheti cha daktari. Tangu siku hiyo kituo kilijua kwamba kitahitaji mtu wa kushika nafasi kwa karibu miezi mitatu. Uchungu kuwahi kwa wiki mbili kulipunguza muda, hakukuumaliza. Katika vituo vingi vidogo likizo ya uzazi ndiyo pengo pekee la wafanyakazi linalojulikana mapema, na bado ndilo linalozibwa kwa kukimbizana.

Karatasi tatu zilisema nini

Tuanze na kitambulisho cha taifa. Kinathibitisha mtu ni nani, basi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Muulize mwombaji tarehe yake ya kuzaliwa bila kumwonyesha karatasi, kisha linganisha. Ukaguzi huo hauzidi nusu dakika, na mtu anayetumia kitambulisho cha kaka yake huwa anakwama hapo hapo.

Cha muhimu zaidi ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, lakini mjini watu hutumia mawili, na si lazima yawe mawili yale yale kila mahali. Kijana huyu kule Mbagala alijulikana kwa jina lake na la babu. Tabata alijitambulisha kwa jina lake na la baba. Barua ya shule ilikuwa na la babu, kitambulisho kilikuwa na yote matatu, na hakuna aliyeziweka karatasi hizo pamoja mezani. Pengine hakukusudia kujificha. Lakini mtu akipiga simu Mbagala akauliza kwa jina la baba angejibiwa "huyo hatumjui", na hapo angeishia.

Jambo hili lina mfano mchungu. Mwaka 2002, mjini Soham, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunza majengo wa shule ya sekondari ya mji huo. Uchunguzi wa Bichard, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2004, ulionyesha kuwa aliomba kazi kwa jina la Ian Nixon na ukaguzi wa polisi ukafanywa kwa jina hilo pekee. Fomu ya maombi ya kazi iwe na sehemu inayouliza wazi: majina yako yote matatu, na jina lingine lolote ulilowahi kuitwa kazini au shuleni, likiwemo la utani.

Barua ya serikali ya mtaa watu wanaiamini kupita kiasi. Inasema kwamba aliyetajwa ni mkazi wa mtaa huo. Mtendaji hana namna ya kujua tabia ya kila mpangaji, na huyu alikuwa amehamia chumba chake wiki tatu tu kabla ya kuandikiwa barua. Swali la kumuuliza mwombaji ni hili: umekaa mtaa huu tangu lini, na kabla ya hapo ulikuwa wapi? Akisema wiki tatu, barua unayoihitaji ni ya mtaa aliotoka, na unampigia mtendaji wa kule mwenyewe.

Barua ya shule ilianza na "Kwa yeyote anayehusika". Ilisema ni mchapakazi na mcha Mungu. Haikutaja alianza lini, aliacha lini, wala kwa nini. Ilitiwa sahihi na mwalimu wa darasa, si mkuu wa shule. Barua ambayo mwombaji anaibeba mkononi huwa imeandikwa ili imridhishe mwombaji mwenyewe, na aghalabu ndiyo bei ya kumfanya aondoke bila kelele. Iwekwe kwenye faili, lakini isihesabiwe kama ukaguzi.

Je, cheti cha tabia njema cha polisi, kile kinachotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, kingesaidia? Kidaiwe, ndiyo, kwa kila mtu atakayekaa na watoto, dereva na mlinzi wakiwemo. Katika kisa hiki kingetoka safi, kwa sababu lalamiko la Mbagala halikufika polisi. Mwaka 2009, huko Plymouth, Uingereza, mfanyakazi wa kituo cha Little Ted's, Vanessa George, alikamatwa kwa kuwadhalilisha watoto aliokuwa akiwalea na kuwapiga picha kwa simu yake. Rekodi yake ya polisi haikuwa na doa. Cheti safi kinaonyesha kuwa mpaka leo hakuna shauri lililofika panapoandikwa, na hapa kwetu mashauri mengi ya watoto huishia sebuleni.

Simu ya Mbagala

Ilipigwa wiki ya saba, baada ya mambo kuharibika. Mkuu wa shule ile alisema: "Huyo tulimwambia apumzike. Kulikuwa na maneno ya wazazi wawili, hayakuthibitishwa. Hatukutaka kuharibu jina la shule. Mngetupigia, tungewaambia."

Simu hiyo ilichukua dakika tisa. Ingepigwa Ijumaa ile, kijana asingepanda gari Jumatatu.

Kwa kuwa hapa ndipo kisa kilipogeukia, tueleze simu inavyopigwa. Kwanza mwombaji anatia sahihi kwenye fomu kwamba anaruhusu kituo kuwasiliana na waajiri wake wote wa nyuma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ridhaa ya maandishi inamtoa hofu hata yule atakayejibu. Anayekataa kutia sahihi hiyo haajiriwi, na unamweleza hivyo kwa heshima.

Pili, namba ya simu unaitafuta wewe. Usitumie iliyoandikwa na mwombaji, maana mtu anaweza kukupa namba ya rafiki yake akaitikia "ofisi ya mkuu". Iko kwenye kibao cha shule, kwenye ripoti za wanafunzi, kwa mzazi anayesomesha pale. Ikishindikana kabisa, mtu apande daladala aende. Kutoka Tabata hadi Mbagala ni nusu siku ukihesabu kwenda na kurudi, na ni nusu siku isiyopotea bure.

Tatu, zungumza na mkuu au msaidizi wake, si mwalimu aliyeandika barua. Mazungumzo yafuate mpangilio huu: "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usumbufu. Napiga kutoka kituo cha watoto Tabata. Tuna mwombaji wa kazi, majina yake matatu ni haya, amesema alifanya kazi kwenu na ametia sahihi kuturuhusu tuwaulize." Baada ya hapo uliza alianza na kuacha mwezi gani, alikuwa na kazi gani, aliondokaje. Kisha uliza maswali mawili ambayo watu huyaonea haya: "Je, kuliwahi kuwa na lalamiko lolote kuhusu namna alivyokuwa na watoto, hata ambalo halikuthibitishwa?" Na la mwisho: "Leo nafasi ikitokea kwenu, ungemrudisha?"

Kwenye swali hilo la mwisho nyamaza na usubiri. Mswahili mstaarabu hapendi kumwaga unga wa mwenzake. Atakwambia "mh, labda kazi nyingine", au "Mungu amsaidie", au atakaa kimya sekunde tano kabla ya kusema ni kijana mzuri. Majibu hayo yote yanahitaji swali linalofuata: "Mwalimu, ni watoto wa miaka miwili. Kuna jambo ningetakiwa kulijua?" Ukiuliza hivyo, wengi husema. Andika jibu, jina la aliyejibu, tarehe na saa.

Wapigie waajiri wawili wa mwisho, si mmoja. Kwa ambaye hajawahi kuajiriwa, tafuta mwalimu wake wa zamani na kiongozi wa msikiti, kanisa au kikundi anachoshiriki, asiyekuwa ndugu yake.

Mazungumzo ya chini ya mwembe

Kijana aliulizwa anakaa wapi, ana familia, anaweza kuamka mapema? Maswali ya kumpokea mgeni, si ya kumkabidhi mtoto wa mtu.

Usaili wa kazi ya watoto ufanywe na watu wawili, na mmoja wao asiwe na undugu na aliyemleta mwombaji. Pitieni miaka mitano ya nyuma mwezi kwa mwezi. Pengo linalozidi mwezi mmoja liulizwe. Mtu anaweza kuwa alikuwa akimuuguza mama yake kijijini, na hilo linathibitika kwa simu moja. Kisha mpe hali halisi na umsikilize hatua kwa hatua: mtoto wa miaka mitatu amejisaidia kwenye gari na mmebaki wewe na dereva, utafanya nini? Mtoto anang'ang'ania akae mapajani mwako. Umemwona mwenzako anampa mtoto yule yule pipi kila jioni, na mwenzako huyo ndiye aliyekutafutia kazi. Anayefaa hajibu kwa ufasaha sana, lakini ataje mtu mwingine: nitamwita fulani, nitampigia mkuu, nitamwambia mzazi. Anayejibu kila kitu kwa "mimi napenda sana watoto" bado hajakujibu.

Na swali moja lenye uzito kuliko yote: "Nikimpigia mkuu wako wa Mbagala kesho, ataniambia uliondoka kwa nini?" Mwombaji akijua utapiga simu kweli, wakati mwingine harudi tena. Hiyo nayo ni kazi ambayo usaili umeifanya.

Kama ni lazima mtu aanze kabla ukaguzi haujakamilika, basi aanze kama mfanyakazi wa pili, chini ya macho ya mwingine, bila kubaki peke yake na mtoto, bila kumsaidia mtoto chooni, na tarehe ya mwisho ya kukamilisha karatasi iwe imeandikwa. Kwenye basi maana yake ni mlezi mmoja wa kituo kupanda gari kila jioni kwa wiki mbili. Inachosha na inakula nauli ya kurudi. Njia nyingine iliyo salama ni wazazi kuombwa waje wenyewe mpaka mtu apatikane. Hakuna njia ya tatu.

Gari ni chumba cha kituo

Mkuu alichukulia kwamba kilicho nje ya geti ni cha mwenye gari. Mzazi hajawahi kuelewa hivyo. Yeye analipia kituo, na mtoto anapovuka mlango wa Hiace bado yuko mikononi mwa kituo. Mkataba na mwenye gari unapaswa kusema kwamba hakuna mtu anayepanda na watoto, awe dereva, wa zamu au wa dharura, kabla jina lake halijakubaliwa kwa maandishi na kituo, na kwamba karatasi zake zinakaa ofisini. Dereva akiugua asubuhi na kumtuma "mdogo wake", gari haliondoki.

Kisha lile tatizo la mtoto wa mwisho. Halitoki kwa kuhubiri, linatoka kwa kupanga njia upya. Kituo hiki kilikuwa na ndugu wawili wanaoshuka Segerea. Gari likienda Bonyokwa kwanza na kumalizia kwa hao ndugu, hakuna mtoto anayebaki peke yake. Njia ilirefuka kwa dakika 15, mama wa ndugu hao akaelezwa sababu, akakubali siku hiyo hiyo. Pasipo na ndugu, watoto wawili wa mwisho washushwe kituo kimoja na wapokewe pale.

Daftari la basi liwe na jina la mtoto, saa aliyopanda, saa aliyoshuka, aliyempokea na sahihi yake. Linaonekana kama usumbufu wa karani, lakini ndilo ambalo lingeonyesha kwamba wiki ya pili, ya tatu na ya tano mtoto wa Bonyokwa alishushwa saa 11:20 na 11:35 ilhali wa kabla yake alishushwa saa ile ile ya siku zote. Kituo hakikuwa na daftari hilo. Bibi wa mtoto ndiye aliyekumbuka ucheleweshaji, na alidhani ni foleni.

Simu za mkononi zenye kamera zibaki ofisini wakati wa kazi. Matroni wa basi apewe kitochi cha kituo chenye namba za wazazi wote. Watoto wakae kwenye viti vyao, mtu mzima kwenye chake karibu na mlango, asipakatwe mtoto hata akilia kwa usingizi.

Mtoto aliposema

Jumatano ya wiki ya sita, saa 8:50 mchana, dada wa darasa la chini alikuwa anamvalisha viatu yule mtoto wa Bonyokwa. Mtoto akasema: "Sitaki kukaa na anko. Anko anasema ni siri yetu." Dada akajibu, "Ahsante kwa kuniambia. Umefanya vizuri." Hakuuliza zaidi. Aliandika maneno yale yale kwenye daftari lake pamoja na saa, akaenda kwa mkuu.

Huyu dada alifanya kila kitu sawasawa, na tunapenda hilo lijulikane, kwa sababu kituoni ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Daftari lake lilikuwa na maandishi mengine ya siku tatu tofauti: mtoto ana pipi isiyotoka nyumbani, mtoto amejikojolea gari lilipopiga honi, anko amekuja kumchukua darasani mwenyewe badala ya kusubiri mlangoni. Alimwambia mpishi. Mkuu hakumwambia, kwa sababu aliyemleta anko ni dereva, na dereva ni shemeji wa mkuu. Ndivyo ilivyokuwa Plymouth pia: mapitio yaliyotolewa mwaka 2010 yalikuta wenzake Vanessa George walishaingiwa na wasiwasi na hawakuona njia ya kusema. Kila kituo kiwe na wapokea taarifa wawili, mmoja asiye ndugu wa mwenye kituo, na namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, ibandikwe jikoni na getini.

Mkuu alikosea mara tatu ndani ya saa moja. Alimwita mtoto mbele ya walezi wawili akamuuliza, "Anko alikushika? Alikushika huku?" Mtoto akaitika, kisha akakataa, kisha akalia. Maswali ya namna hiyo yanamwekea mtoto maneno mdomoni. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema ukweli. Sheria hiyo pia inasema kwamba katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kwa hiyo maneno ya kwanza ya mtoto, yakiwa yake mwenyewe, ni mali ya kulindwa. Kinachoruhusiwa kuulizwa ni "Niambie ilikuwaje", mara moja, na mtu mmoja. Mengine ni ya afisa ustawi wa jamii na polisi.

Kosa la pili, alimpigia dereva "kupata ukweli". Dereva akampigia kijana. Kufika jioni simu yake ilikuwa haina picha hata moja.

La tatu ndilo zito. Alimbakiza yule mtoto amsubiri mama yake, lakini akaliacha gari liondoke na anko na watoto 16 "ili asishtuke". Mtuhumiwa anaondolewa kwa watoto wote dakika ile ile, kwa sababu yoyote ya kawaida, na wazazi wanaitwa waje. Kumwondoa si kumhukumu. Kanuni za mwaka 2007 zilizo chini ya Sheria ya Ajira zinaruhusu kumsimamisha mfanyakazi kwa malipo kamili wakati uchunguzi unaendelea, na hiyo inamlinda hata asiye na hatia.

Mpangilio ulio sahihi ni mfupi. Mtoto asikilizwe na awe salama. Maneno yaandikwe. Mama aelezwe ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi wapewe taarifa siku hiyo hiyo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamfanya kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa awe na wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Wajibu huo hausubiri uhakika. Pale ambapo kuna dalili za kuguswa mwilini, mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, kwa kuwa mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuharibu ushahidi. Fomu ya PF3, ya matibabu ya aliyedhuriwa, inatolewa polisi, lakini mtoto mwenye maumivu au damu apelekwe hospitali kwanza na mtu mwingine aifuatilie. Baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake.

Alhamisi wazee wa pande mbili walikaa. Ikasemwa mtoto ni mdogo atasahau, kijana ataondoka mjini, na kuna kifuta machozi. Mama alisikiliza, akashukuru, akaenda Dawati na nakala ya daftari la dada. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamepitia ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Vikao vya sebuleni vina mchango wao katika hesabu hiyo. Kila mtuhumiwa anayeambiwa "ondoka tu" anafika mtaa mwingine akiwa na barua nzuri, kama huyu alivyofika Tabata kutoka Mbagala.

Simu ikija kwako

Vituo vingi vinajifunza kuuliza na kusahau kwamba siku moja vitaulizwa. Mfanyakazi anapoondoka, apewe hati ya utumishi kama sheria ya ajira inavyotaka, yenye kazi na tarehe zake. Barua za "kwa yeyote anayehusika" zisitolewe tena. Badala yake aambiwe: mwajiri wako mpya atupigie, tutajibu.

Jibu liwe la mambo yaliyoandikwa, bila kupunguza wala kutia chumvi. Kwa mfano: "Alifanya kazi hapa kuanzia mwezi Februari hadi Machi kama mhudumu wa basi. Alisimamishwa baada ya taarifa iliyomhusu yeye na mtoto. Taarifa hiyo tuliipeleka kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto. Shauri halijaisha. Sisi hatuwezi kumrudisha kwenye kazi ya watoto." Hapo hakuna aliyeitwa mhalifu, na anayeuliza amepata anachohitaji. Tarehe ya simu, jina la aliyepiga na maneno aliyojibiwa viandikwe kwenye faili la mfanyakazi huyo, ambalo sasa linakaa kabatini pamoja na mengine.